Bendera za Kubisha Hodi

Mwaka ule nilikuwa nashonea barazani kwa Mhindi mmoja mwenye duka pale Ruiru. Cherehani yangu ilikaa kushoto kwa mlango, na ya mwenzangu, fundi Mkikuyu, ilikaa kulia. Kazi yetu kubwa ilikuwa sare za shule na suruali za watu wa mashamba ya kahawa na mkonge. Mimi nilikuwa mgeni, mtu wa magharibi mwa nchi, niliyefuata kazi na kuja na mke na watoto wawili. Shule nilifika darasa la nne. Nasema hivyo mapema ili msomaji akiona nimekosea mahali asishangae.

Asubuhi moja alikuja Mzungu mwenye shamba la kahawa ng'ambo ya mto. Tulimjua, kwa kuwa tulishonea watu wake. Kiswahili chake kilikuwa kile cha shambani, cha amri, lakini sikuweza kumcheka kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa kibovu kuliko hicho.

"Fundi, wewe najua shona bendera?"

Nikamwambia sijawahi, ila kitu cha mraba najua kukishona.

Akatandaza ramani juu ya meza yangu ya kukatia. Alikuwa amenunua mashua ya matanga, yenye vitanda viwili na jiko ndani, ambayo ilikuwa imefungwa bandari ya Kilindini, Mombasa, ikimngoja. Alitaka kwenda nayo hadi kwao Uingereza, yeye na rafiki yake mmoja. Akachukua chaki yangu, akaanza kunionyesha njia, akipandisha pwani ya Wasomali, akikata kona kwenda Adeni, kisha akiingia bahari ndefu nyembamba iliyosimama kwenye karatasi kama soksi.

"Hapa maji ya kunywa hapana," akasema. "Hapa upepo mbaya. Hapa mawe chini ya maji, hapana ona." Halafu akagonga mahali bahari inapobanwa. "Hapa watu nabeba bunduki kwa siri. Askari nasimamisha kila mashua. Nchi hii nagombana na ile. Yeye naona mashua mgeni, hapana jua wewe nani, napiga risasi."

Mwenzangu alikuwa ameacha kukanyaga cherehani. "Sasa bwana, kwa nini usipande meli kubwa kama Wazungu wenzako?"

Mzungu akacheka. "Meli mimi nakula, nalala, nafika. Hiyo hapana safari."

Alipoondoka, mwenzangu alikata uzi kwa meno, akasema polepole, "Mimi kutoka hapa mpaka Juja ni lazima niombe pasi. Na yeye anakwenda kutafuta mahali pa kusimamishwa na askari, kwa hiari yake."

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na watu wa kabila lake hawakutembea bila ruhusa. Mimi kwa kuwa ni mtu wa magharibi nilitembea na kipande changu tu cha utambulisho mfukoni. Haikuwa haki, na sote wawili tulijua, lakini hatukuizungumzia kila siku. Mtu hawezi kula ugali na donge hilo hilo kooni kila mchana.

Kazi yenyewe niliipenda mara moja. Mzungu alinieleza kwamba mashua ikiingia bandari ya nchi, lazima ipandishe bendera ya nchi hiyo upande wa kulia wa mlingoti, pamoja na bendera ya manjano tupu. Ile ya manjano maana yake ni: hatuna ugonjwa humu, tunaomba ruhusa ya kushuka. Nikafikiri kidogo nikamwambia, basi ni hodi.

"Ndiyo," akasema, na uso wake ukafunguka. "Hodi. Wewe nakuja nyumba ya mtu, kwanza nasema hodi. Wewe hapana sema, mbwa nauma."

Tangu siku hiyo hatukuziita bendera tena. Mwenzangu akiniona nimeinama juu ya kitambaa huniuliza, "Leo unabisha hodi kwa nani?" Nami namjibu, "Kwa Wahabeshi," au nchi yoyote niliyokuwa nayo mkononi.

Mfano nilikuwa naupata katika kitabu chake cha bendera za mataifa, kizuri, chenye rangi, na kurasa zake zilinuka kabati. Kijani nilitoa kwenye kitambaa cha sare za shule ya misheni, bluu nikapata popolini dukani, manjano ikatoka kwenye bitana ya gauni. Kwa nchi ya Sudani kitabu kilionyesha bendera mbili, ya Waingereza na ya Wamisri, zikipepea pamoja, kwa sababu nchi ile ilitawaliwa na wote wawili. Nikazishona zote mbili. Ile ya Wamisri ilinitesa kwa ule mwezi wake na nyota tatu, na nilifumua mwezi mara kadhaa kabla haujaacha kufanana na ndizi.

Nilipompelekea, Mzungu alizigeuza moja moja, akafika kwenye pindo. Akavuta. Ndani kulikuwa na kitambaa kingi kilichokunjwa.

"Hii nini?"

Nikaona aibu. Fundi wa sare za shule huacha akiba ndani ya pindo, ili mtoto akirefuka mamaye alete nguo ifunguliwe. Mkono wangu ulikuwa umeacha akiba bila kuniuliza. Nikamweleza hivyo.

"Fundi," akasema, "bendera hapana kua." Lakini alisema zibaki hivyo hivyo, pindo nene litavumilia upepo. Mkewe aliyekuwa akimimina chai alicheka mpaka akaweka birika chini. Huyu mama hakuipenda safari. Sikuambiwa na mtu, niliona tu jinsi alivyoinyanyua ramani mezani kwa ncha za vidole ili aweke vikombe.

Basi kazi ikaisha, nami nikarudi kwenye kaptula. Zilibaki siku chache kabla Mzungu hajapanda treni kushuka Mombasa. Jioni moja mke wangu alikuja na sukari kutoka dukani, imefungwa kwenye kipande cha gazeti la Kiingereza kama kawaida. Akaimwaga koponi, akaniwekea karatasi pembeni ya taa kwa sababu alijua napenda kujaribu kusoma.

Kulikuwa na picha. Watu wengi wamevaa kanzu na vilemba, wamezunguka milingoti. Bendera mbili zilikuwa zinashuka, na nilizitambua zote, hasa ule mwezi. Nyingine moja ilikuwa inapanda, yenye milia mitatu ya kulala. Maneno ya chini yalikuwa yamechanika, ila neno Sudani lilibaki, na neno la uhuru nililijua kwa Kiingereza, kwani siku zile ni neno ambalo hata asiyesoma alilijua kwa umbo.

Niliirudia picha ile hadi mke wangu akauliza, "Baba watoto, umesoma kifo cha nani?"

Nikamweleza. Mzungu yule atafika bandari ya watu waliojitoa kwa mabwana wawili, naye atapandisha bendera za mabwana wale wale, nilizozishona mimi. Na askari wa huko ni wapya, wana bunduki, wana hasira za jana.

Mke wangu akakoroga chai. "Ni kama kwenda kwa mwanamke aliyetoka kwa mume akiwa na alama za fimbo, ukasimama mlangoni ukamwita mke wa fulani."

"Waume wawili," nikasema.

"Basi ukamwita kwa wote wawili."

Nilijaribu kujitetea moyoni. Kitabu kilikuwa chake. Mimi nilishona nilichoonyeshwa. Pengine atasoma habari mwenyewe, Wazungu wana redio. Lakini pengine hatasoma, kwa sababu tangu anunue mashua alisoma habari za upepo tu. Asubuhi nilikwenda shambani kwake na kile kipande cha karatasi, nikaambiwa amekwenda Nairobi kununua kamba na atarudi siku ya mwisho. Nikafikiri: nikimwambia tu kwamba bendera zimekufa, nitakuwa nimemvua nguo bila kumpa nyingine. Afadhali nimshonee hiyo mpya. Lakini picha ya gazeti haina rangi. Mlia wa katikati ulikuwa mweupe kidogo, wa juu na wa chini yote ni giza.

Mwenzangu ndiye aliyejua pa kuuliza. "Thika, Majengo, kuna Wanubi. Babu zao walitoka huko na jeshi. Mama mmoja anasuka vifuniko vya chakula vya rangi rangi. Ukifika msikitini uliza." Kisha akaongeza, "Ningekupeleka. Najua kila kichochoro cha Thika. Nimezaliwa karibu yake."

Aliniazima baiskeli yake. Kabla ya Juja kulikuwa na kizuizi barabarani. Askari akatazama kipande changu, kisha akafungua mfuko. Mlikuwa na gazeti na vipande vya kitambaa vya rangi mbalimbali ambavyo nilivibeba ili nilinganishe.

"Hii nini?"

"Ni kazi yangu, afande. Mimi fundi. Natafuta rangi za bendera."

"Bendera ya nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimebeba nini. Katika nchi yetu ya siku zile, mwanamume juu ya baiskeli na picha ya watu weusi wanashusha bendera ya Kiingereza, na vitambaa vya kushonea nyingine. Nikaanza kueleza kuhusu Mzungu, mashua, na mlingoti upande wa kulia, na kila nilivyoendelea niliona hadithi inazidi kufanana na uongo.

Askari alinisikiliza hadi mwisho. "Mashua," akasema. "Ruiru."

"Ndiyo, afande."

"Na baharini ni wapi?"

Nikanyoosha mkono, na nina hakika nilinyoosha upande usiofaa. Akamwita mwenzake, wakatazama picha pamoja, muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Kisha akaikunja kwa uangalifu, akanirudishia. "Nenda. Ukirudi na hiyo bendera, iweke chini kabisa, juu weka kaptula." Alikuwa na haki ya kunikamata, kwa sheria ya siku zile, na hakufanya hivyo. Nimewasikia wengi wakiwasema vibaya askari wa vizuizi, na wana sababu. Huyu mmoja namwandika alivyokuwa.

Majengo nilimpata yule mama uani kwake, amekaa mkekani na nyuzi za ukili zilizotiwa rangi. Mumewe alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilipoeleza shida yangu wote wawili walichangamka kana kwamba nimeleta habari za harusi. Walikuwa wameisherehekea siku ile ya uhuru, walipika, walialika watu. Rangi? Walizijua vizuri sana. Mama akachagua nyuzi tatu akaziweka mkekani: kijani, manjano, bluu.

"Kijani ya juu," akasema.

"Bluu ya juu," mumewe akasema kutoka mlangoni.

"Nani kakwambia?"

"Bluu ni mto Nili. Manjano jangwa. Kijani mashamba. Mto ndio unaoleta mashamba, utawekaje mtoto juu ya mama?"

"Kijani ni rangi ya dini. Utaiweka chini, watu waikanyage?"

"Bendera haikanyagwi, mama nanihii. Iko juu ya mti."

"Wewe uliiona?"

"Wewe uliiona?"

Hakuna aliyeiona. Walizaliwa hapa hapa, kama walivyokiri baadaye walipopoa, na habari walizipata kwa ndugu wa Kibera, naye kwa redio, nayo redio haionyeshi juu na chini. Kuhusu manjano kuwa katikati hawakubishana, na picha ilikubaliana nao. Walinipa chai na mandazi, na nilipoondoka bado walikuwa wanabishana, sasa kwa lugha yao, na mama alikuwa anacheka huku akimtupia mzee maharagwe.

Nikarudi Ruiru na rangi tatu na shaka moja. Nilishona siku ile hadi jua likazama, milia mitatu sawasawa, mshono wa kukunja mara mbili, na safari hii niliacha akiba ya pindo kwa makusudi. Kisha nikaitandika kitandani nikaitazama. Bluu ilikuwa juu. Je, mama ndiye aliyekuwa sahihi? Mtu atafika na bendera ya watu imepinduliwa miguu juu, na hilo ni tusi kubwa kuliko la kwanza. Nikamwambia mke wangu itabidi nishone ya pili, kijani juu, nimpe zote mbili, lakini kitambaa cha manjano kimekwisha.

Alikuwa anamvua mtoto shati. Akaja, akashika kitambaa kwa pembe mbili, akakizungusha, akakiweka tena kitandani. Kijani ilikuwa juu.

Nikakitazama. Nikakizungusha mwenyewe. Bluu juu. Nikakizungusha tena.

"Siku nzima umenuna kwa sababu ya hii?" akauliza.

Nilikuwa nimezoea nguo, na nguo ina shingo. Huwezi kupindua kaptula ikabaki kaptula. Nilishona vitanzi vya kamba pande zote mbili, nikalala vizuri.

Siku ya mwisho nilimkuta Mzungu na masanduku yamejaa veranda. Mwanzoni alikasirika kidogo. "Kitabu hii mzuri sana," akasema. Nikampa lile gazeti. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi juu ya sanduku, akasoma tena. Mkewe alisoma juu ya bega lake, na yeye hakucheka siku hiyo.

"Rangi wewe najua wapi?"

"Kwa Wanubi wa Thika, bwana. Rangi nina hakika. Juu na chini sina hakika." Nikamwonyesha jinsi ya kuizungusha. "Usiipandishe kwa maneno yangu. Ukifika Adeni uliza watu wa bandarini kwanza. Wakisema mto, bluu juu. Wakisema dini, kijani juu."

Alirudia maneno hayo polepole kwa Kiswahili chake, mto bluu, dini kijani, kama mtu anayeshika njia ya porini. Alizitoa zile mbili za zamani kwenye mfuko akaziacha mezani. Mkewe alinisindikiza hadi kwenye ngazi, akaniambia asante, na akanishika mkono, jambo ambalo Wazungu wa kule hawakufanya.

Akaenda. Mvua zikaja, kahawa ikachanua. Nilijikuta nasikiliza habari za redio ya dukani kuliko zamani. Miezi ikapita, tukasikia Wamisri wameuchukua mfereji wa Suezi, na Waingereza wamekasirika. Mhindi wetu alitufafanulia kwa makopo ya kakao juu ya kaunta, huku Misri, huku bahari, na katikati akaacha uwazi mdogo wa kidole.

"Mzungu wako yuko hapa," akasema, akiingiza kidole. "Au hapa."

Mwenzangu aliyezoea kunitania hakunitania. Alisema tu, "Ulimpa hodi nzuri. Kama nyumba inaungua, hilo si la mbisha hodi." Nikashukuru, ila sikutulia. Kila mara mke wa Mzungu alipopita na gari nilisimama, naye alitikisa kichwa kwamba hajui bado.

Mzungu alirudi kabla ya Krismasi, kwa meli kubwa, akala, akalala, akafika. Alikuja barazani mwenyewe, mwembamba, amekaushwa na jua kama ngozi ya kiatu. Mwenzangu akamtolea kiti, Mhindi akatuma chai.

Adeni aliuliza. Walimwambia mto. Rafiki yake alishuka hapo hapo Adeni akakataa kuendelea, na Mzungu hakumsema vibaya. Akaenda peke yake hadi bandari ya Sudani, bluu juu, manjano ya hodi kando. Nje ya bandari boti ya askari ilimjia kasi, bunduki imesimamishwa mbele. Ikamzunguka. Kisha afisa kijana akapanda kwake, na kitu cha kwanza alichofanya ni kushika kitambaa. Akauliza imenunuliwa wapi, kwa sababu wao wenyewe bado walikuwa na chache.

"Mimi nasema, hapana nunua. Fundi ya Ruiru nashona."

"Akasema nini?" mwenzangu akauliza.

"Nauliza Ruiru iko pwani gani."

Tulicheka, na Mzungu alicheka zaidi yetu. Afisa yule alimpa maji, kisha akakaa chini akamweleza kwa upole kwamba asiende mbele, kaskazini kunanuka vita, na mashua ya Mwingereza peke yake itakuwa ya kwanza kutiliwa shaka. Mzungu alikataa, wakabishana siku mbili tatu, mwishowe akasikia. Akaiuza mashua kwa Mgiriki mmoja wa pale na kungoja meli. Vita vilipolipuka kule mfereji, alikuwa amekwisha kuipa Adeni kisogo, yuko melini njiani kurudi kwetu.

Watu hapa mtaani walipenda kusema kwamba bendera yangu ilimwokoa. Mimi sisemi hivyo. Huenda afisa yule alikuwa mtu mwema ambaye angempa maji hata akiwa na kitambaa cha kusafishia meza. Huenda Mzungu mwenyewe alisalimia vizuri. Na bila yule mama na mumewe, na bila askari wa kizuizini, nisingekuwa na bendera ya kuongelea. Ninachoweza kuandika bila kuona haya ni kwamba haikumdhuru.

Aliitoa bendera mfukoni niiangalie. Upepo ulikuwa umekula ukingo wa nyuma, naye baharini alikata sehemu iliyochakaa kwa kisu, akafungua akiba ya pindo na kushona upya kwa sindano ya matanga na uzi mnene wa kufungia magunia. Mshono ulikwenda kama kuku anayevuka barabara.

"Mbaya?" akaniuliza.

Nikaupima kwa kidole. Ulikuwa mbaya, lakini ulishika.

"Wacha ukae, bwana," nikamwambia, na mwenzangu akasogeza kiti karibu ili auone.